Sekunde Kumi na Moja

Kipindi changu cha kwanza nilikipamba kama bi harusi:
kinanda mwanzo, kinanda mwisho,
katikati bwana shamba Nangomwa, sauti ya mimbari,
akisoma karatasi iliyotoka ofisini.
"Mkulima anashauriwa," alisema,
"kuchanganya kiuatilifu kwa uwiano uliopendekezwa,
mililita kadhaa kwa kila lita ya maji safi."
Nami naitikia: naam, naam, ahsante mtaalamu.
Saa nane mchana tukakirusha hewani.
Nikatoka studio, Newala ile ya jua na upepo,
nikajinunulia soda.

Hakuna aliyepiga simu.
Wiki ya pili, kimya.
Ya tatu akapiga mmoja, akaomba taarabu.

Nikachukua kinasa sauti, nikapanda bodaboda hadi Mahuta.
Mwezi wa saba, mikorosho imechanua,
na ubwiriunga umeshaanza kuyavisha maua vumbi lake.
Somoe Chitanda alikuwa anapalilia,
nyusi zake njano kwa salfa ya alfajiri.
"Redio unasikiliza, mama?"
"Redio ni ya baba Shaweji. Inakaa kwenye baiskeli,
na baiskeli inakaa kilabuni.
Mie huisikia ikiondoka."
Akapiga jembe mara mbili.
"Na hiyo saa nane yenu, niko kwenye foleni ya maji."

Nikamchezea kipindi kwenye simu.
Alisikiliza kichwa upande,
kama mtu anayesomewa barua ya jirani.
Halafu akasema, na kinasa kilikuwa wazi:
"Huyo bwana katamka lita ya maji. Muulize, maji yepi?
Huku ndoo tunanunua.
Ndoo nikiupa mkorosho,
wajukuu niwanyweshe salfa?"
Jogoo akawika juu ya neno la mwisho.
Mtoto akalilia muhogo.
Sikufuta kitu.

Jumanne nikamkalisha Nangomwa mbele ya maiki,
nikamvisha vipokea sauti, nikamwekea swali.
Akafungua kinywa.
Akakifunga.
Akaitazama karatasi yake, akaigeuza;
nyuma ilikuwa nyeupe.
Kalamu ikalia tik, ikalia tik.
Sekunde kumi na moja, nimezihesabu kwenye kioo.
Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni kwa mama yake:
"Mama, hilo la maji sikulifikiria."
Na hapo ndipo alipoanza kusema.
Kwamba iko salfa ya unga, haitaki ndoo.
Kwamba umande ni maji yasiyouzwa:
puliza kabla ya upepo kuamka,
jani likiwa bado limelowa, unga ushike wenyewe.
Akaeleza kufunga kitambaa puani,
akaeleza mota ikikohoa ufanyeje,
karatasi akaikalia.

Mkuu wa vipindi akasema, "Toa hicho kimya.
Redio ikinyamaza, watu hudhani betri imekufa."
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Kilikaa pale muda mrefu kuliko kimya chenyewe.
Nikakiondoa.

Tulikirusha saa mbili usiku, ugali ukiwa mezani.
Simu zikaanza kabla kinanda hakijaisha,
na si za pongezi.
Mmoja wa Kitangari: mbona hukutaja bei ya kukodi mota?
Mwingine: na asiye na mota, atumie nini, mdomo?
Mwanamke mmoja alicheka tu, akakata.
Niliandika yote nyuma ya karatasi ya Nangomwa.
Hapo nikawa na vipindi vya mwezi mzima.

Somoe hakukisikia.
Usiku ule baiskeli ilichelewa kurudi.

Jumamosi nikampelekea kwenye simu, palepale shambani.
Alipojisikia mwenyewe alifunika uso kwa khanga.
Alipomsikia jogoo akamtaja kwa jina.
Kikafika kile kimya,
nikataka kumweleza kuwa simu haijaharibika.
Akainua kiganja chenye udongo.
"Shii," akasema. "Hapo ananisikiliza."